Jiko la moshi linaunguza samaki upande mmoja? Weka mabamba ya chuma chini ya wavu

Leo tuongee juu ya yale majiko ya kukaushia samaki kwa moshi yanayotengenezwa kwa pipa la lita 200: pipa limelazwa, kisanduku cha moto kiko pembeni, bomba la moshi liko upande wa pili. Ukiyaona yanafanana na majiko ya kuchomea nyama ya kule Texas, Marekani. Uzuri wake ni kwamba moto hauko chini ya samaki, hivyo mafuta hayadondokei kwenye makaa. Ubaya wake ni kwamba joto halilingani, na hapo ndipo pesa inapopotea.

Mama mmoja ninayemtembelea, mfugaji wa kambale, alirudishiwa tenga zima na mnunuzi wake. Samaki waliokaa karibu na moto walikuwa weusi na wachungu. Wa upande wa bomba walikuwa na rangi nzuri kabisa kwa nje, ila baada ya siku chache wakaota ukungu. Rangi ya moshi inadanganya jamani. Samaki mkavu akibaki na maji zaidi ya asilimia 15 hivi, ukungu unaweza kuota. Yakizidi asilimia 25, hata bakteria wanaendelea na kazi yao. Mnunuzi naye hana muda wa kuchambua mmoja mmoja, anarudisha wote.

Wengi wanajaribu kuwahamisha samaki kila mara. Inasaidia, lakini kila ukifungua mfuniko joto linatoka na kuni zinaliwa. Wengine wanapunguza moto, basi upande wa mbali ndiyo unabaki mbichi kabisa.

Chanzo ni hiki: hewa ya moto ni nyepesi. Ikitoka tu kwenye tundu la kisanduku inapanda palepale na kuwapiga samaki wa kwanza. Ikifika mwisho wa pipa imeshapoa. Sasa ukiweka bamba la chuma (mafundi wanaita pleti) chini ya wavu, juu ya tundu la moto, hewa inakosa njia ya kupanda. Inalazimika kutambaa chini ya bamba kuelekea kwenye bomba. Chuma nacho kinashika joto na kulitoa polepole, kwa hiyo hata moto ukiyumba kidogo samaki hawasikii sana.

Siri iko kwenye nafasi kati ya bamba na bamba. Karibu na moto ziba kabisa, halafu nafasi ziongezeke kadiri unavyokwenda mbali. Pipa lina urefu wa kama sentimita 88. Anza na bamba la sentimita 30 lililobana ukuta wa upande wa moto, acha sentimita 1, weka la 20, acha 2 na nusu, weka la 15, halafu sehemu iliyobaki iache wazi. Yakae sentimita 10 hadi 12 chini ya wavu, juu ya vipande vya nondo. Chuma cha milimita 3 kinatosha. Mabamba yote matatu yatafika kilo 8 hivi. Chembamba zaidi ya hapo kinapinda mapema.

Mwambie fundi ASIYACHOMELEE. Yakae huru, maana vipimo nilivyotoa ni vya kuanzia tu, kila jiko lina tabia yake. Kupima ni rahisi: washa jiko likolee, panga slesi za mkate kwenye wavu mzima, funika, subiri dakika kumi na tano, kisha angalia. Palipoungua, sogeza bamba uzibe nafasi ya hapo. Palipobaki peupe, panua. Rudia mpaka mkate ufanane rangi. Mkate mmoja ni nafuu kuliko tenga la kambale. Wakati wa kupima, bomba la moshi liwe wazi; moto uupunguze kwa kuziba mlango wa hewa wa kisanduku. Ukiziba bomba, moshi unatuama na samaki wanakuwa wachungu.

Kuna jambo la mafuta. Kambale wanatoa mafuta mengi, na sasa yatadondokea kwenye mabamba. Bamba la kwanza ndilo la moto zaidi, mafuta yakiungulia pale moshi wake mchafu unarudi kwa samaki. Jiko la FTT-Thiaroye, ambalo FAO walilibuni na wenzao wa Senegal, lina trei ya kukinga mafuta kwa sababu hiyohiyo. Kwenye pipa, inamisha mabamba kidogo upande mmoja, toboa tundu chini ya pipa, kinga kopo. Kila baada ya kukausha, kwangua.

Usikubali fundi akukatie bati la kuezekea au chuma chochote chenye zinki; likipata moto mkali linatoa moshi wa sumu. Na pipa lililobeba dawa za kilimo au kemikali ya kiwandani usilitumie, hata likioshwa mara kumi. Kama hujui lilibeba nini, liache hapohapo dukani.

Ukimaliza kurekebisha, chukua samaki mnene kuliko wote kutoka upande wa bomba. Choma kipimajoto katikati ya mnofu: kisome angalau nyuzi 63, na akae kwenye joto hilo nusu saa. Huyo akiiva, endelea kuwakausha wote mpaka wakauke sawasawa.