Tangi la Samaki na Uduvi

Wanafunzi kadhaa wameniuliza jinsi ya kufuga samaki na uduvi katika tangi la kioo. Ni kazi njema, wala haina gharama kubwa. Lakini hapa kwetu Mwanza ina hatari moja ambayo mwanafunzi na mzazi wake yawapasa kuijua kwanza.

Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jinsi alivyoweka samaki wawili katika chombo cha kioo pamoja na mmea uitwao Vallisneria. Mmea ulitoa oksijeni na samaki wakaivuta. Lakini majani yaliyokufa yalioza, maji yakachafuka. Basi akatia konokono wayale majani hayo, na maji yakatakata. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba tangi ni kama shamba dogo: kila kilichomo kina kazi yake.

Sisi tusimwige kwa konokono. Katika ufuo wa Ziwa Victoria wamo konokono wanaoeneza kichocho. Kutoka kwao hutoka vijidudu vidogo mno, navyo humpenya ngozi mtu aliyetia mguu au mkono majini. Kwa hiyo mtu asiingie ziwani kutafuta mimea. Kazi ya konokono tutawapa uduvi, yaani wale kamba wadogo wa maji baridi, kwa kuwa nao hula ukungu wa kijani na majani yaliyooza.

Tangi letu lina urefu wa sentimeta 50, upana 30 na kimo 30. Chini tumeweka mchanga ulioshwa sana, unene wa sentimeta 5, na juu yake maji ya sentimeta 22. Ukipiga hesabu utaona kwamba maji hayo ni lita 33, yaani kilo 33. Kwa hiyo meza iwe imara, tena iwe mbali na jua la dirishani, maana jua kali huotesha ukungu wa kijani kupita kiasi. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe wazi ndooni siku mbili kabla ya kutumiwa.

Mimea inunuliwe kwa wauzaji wa samaki wa mapambo. Vallisneria hupandwa mchangani. Ceratophyllum haina mizizi, nayo huachwa ielee. Kwanza iwekwe katika ndoo yake peke yake kwa majuma mawili, nanyi mwichungue kila siku. Mkiona konokono, au mayai yake yaliyo kama ute chini ya jani, tupeni jani hilo mahali pakavu. Msitumie dawa ya konokono yenye shaba, kwani shaba huwaua uduvi pia.

Mimea ikiisha kupandwa, wengi hutaka kutia samaki siku hiyo hiyo. Hapo ndipo samaki wengi hufa. Kinyesi chao na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Katika miaka ya 1890 na 1891 Sergei Winogradsky alionyesha kwamba ziko bakteria zinazoigeuza amonia kuwa naitraiti, na nyingine zinazoigeuza naitraiti kuwa naitreti. Naitraiti nayo ni sumu, lakini naitreti haina madhara makubwa, tena ni mbolea ya mimea. Bakteria hizo huhitaji majuma manne hadi sita ili ziongezeke. Muda huo tieni chembe chache tu za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili, zipate riziki.

Kisha watieni uduvi kumi. Wakiletwa na mvuvi wakiwa hai, wachujeni kwa wavu bila kutumbukiza mikono, na maji ya ziwa yamwagwe mbali penye nchi kavu. Baada ya juma moja watieni samaki watano wadogo aina ya gapi, madume matupu, kwani majike huzaa upesi na tangi likajaa. Mimea iwe mingi, uduvi wapate maficho wanapojivua gamba, maana wakati huo miili yao ni laini.

Chakula kiwe kile wawezacho kukimaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku. Kila juma toeni lita 8 za maji, mtie mengine yaliyokaa wazi.

Neno la mwisho: mkichoka na tangi, msimwage samaki wala mimea ziwani. Magugu-maji yalitoka Amerika ya Kusini, nayo yalipoenea katika ziwa letu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 yaliziba njia za mitumbwi. Mpeni mwenzenu alitunze. Ukitaka kuliona tangi letu, njoo chumba cha sayansi saa za mapumziko. Hesabu uduvi, kisha uniambie umewaona wangapi.