Ruta Mpya Inawaka Lakini Intaneti Haipatikani

Mkazi anayewasha ruta mpya nyumbani huona taa zikimeta na alama ya waifai ikijaa kwenye simu, kisha hushangaa kuwa hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Jambo hilo halina ajabu. Ruta ina kazi mbili: kupokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma, na kuigawa kwa simu na kompyuta za nyumbani. Alama ya waifai huthibitisha kazi ya pili pekee, yaani kwamba simu na ruta zinasikilizana. Kuhusu njia ya nje haisemi lolote. Ndiyo maana kubadilisha nywila ya waifai, jambo ambalo wengi hulikimbilia, hakusaidii.

Usumbufu huo una gharama. Maombi ya leseni ya biashara hupitia mfumo wa TAUSI, na mhitimu wa kidato cha nne hubadilisha tahasusi zake mtandaoni ndani ya muda uliopangwa. Kumsubiri fundi na kumlipa kwa tatizo ambalo lingebainika kwa dakika chache ni hasara inayoepukika.

Kwanza ijulikane hitilafu iko upande gani. Ruta izimwe, iachwe nusu dakika, iwashwe tena na ipewe dakika tano itulie. Kisha ijaribiwe kwa simu mbili tofauti. Ikiwa moja inapata intaneti na nyingine haipati, tatizo liko kwenye simu. Mara nyingine ni tarehe tu iliyokosewa, nayo huzuia kurasa salama kufunguka. Zikikosa zote mbili, uchunguzi uhamie nje.

Kwa anayetumia mkongo, taa iliyoandikwa LOS ndiyo ya kutazamwa. Ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa, na hakuna mpangilio wowote wa ruta utakaoponya hali hiyo. Waya wa mkongo una uzi mwembamba wa kioo ndani yake. Ukikunjwa kama kamba ya kufungia mzigo, hupoteza mwanga au hukatika. Usivutwe, na ncha yake isichunguliwe kwa jicho. Endapo ruta imenunuliwa dukani na kuunganishwa na kifaa cha mtoa huduma, waya utokao kwenye kifaa hicho uchomekwe kwenye tundu la WAN, ambalo kwa kawaida hutofautishwa kwa rangi, si kwenye matundu ya LAN.

Ruta ya laini ina mambo yake. Laini yapasa iwe imesajiliwa kwa alama za vidole, iwe na kifurushi cha data, na iwe ya mtandao unaokubaliwa na ruta hiyo, kwa kuwa baadhi ya ruta zimefungwa kwa mtandao mmoja. Yote hayo yakiwa sawa, hubaki mpangilio uitwao APN, ambao mtoa huduma huutaja kwa simu. Vilevile kuta nene na mabati hudhoofisha mawimbi. Kuisogeza ruta dirishani huweza kumaliza tatizo zima.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni kubonyeza kwa sindano kitufe kilichofichwa ndani ya kitundu kidogo cha ruta. Kitufe hicho si cha kuzima na kuwasha. Hurudisha ruta katika hali ya kiwandani na kufuta jina la mtumiaji na nywila alizoingiza mtoa huduma. Hapo tatizo dogo la waya huwa tatizo la kumwita fundi. Kisiguswe mpaka mtoa huduma aelekeze hivyo.

Anapopiga simu kwa huduma kwa wateja, mkazi awe mbele ya ruta, ataje rangi ya kila taa na namba iliyo kwenye kibandiko cha chini, na aombe namba ya kumbukumbu ya malalamiko yake. Namba hiyo itamfaa endapo hatahudumiwa, kwani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hupokea lalamiko baada ya mtoa huduma kupewa nafasi ya kulitatua. Na mtu yeyote anayejitambulisha kuwa fundi kisha akataka namba ya siri ya pesa za simu hahitaji kujibiwa. Namba yake itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.