Kusafiri kwa ndege ukitumia kiti mwendo: jinsi ya kujiandaa

Wagonjwa wa Njombe na Makambako wanaopewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) wengi hupanda basi. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo, kukaa kutwa nzima bila kujinyanyua kunaweza kuleta vidonda vya mgandamizo. Ndege kutoka Songwe, Mbeya, hadi Dar es Salaam haichukui saa mbili. Ukimudu nauli, jiandae hivi.

Unapokata tiketi

Toa taarifa mapema, angalau saa 48 kabla. Kusema tu "natumia kiti mwendo" hakutoshi. Mashirika ya ndege yana makundi matatu:

- WCHR: unapanda ngazi, ila huwezi kutembea mbali.
- WCHS: huwezi ngazi, ila unajikongoja hadi kwenye kiti.
- WCHC: hutembei kabisa.

Hakikisha kundi lako limeandikwa, la sivyo unaweza kukuta hakuna aliyeandaliwa kukupandisha. Kama kiti chako kinatumia betri, taja aina yake.

Uwanjani

Omba kutumia kiti chako hadi kwenye ndege. Hapo utahamishiwa kiti chembamba kinachopita katikati ya safu, na chako kitaenda kwenye mizigo. Kipige picha, kiandike jina na namba ya simu. Mto wa kukalia ingia nao ndani, kwa sababu ndio unaolinda ngozi yako.

Ndani ya ndege

- Jinyanyue au egemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30.
- Usijinyime maji kwa kuogopa choo. Upungufu wa maji huchangia maambukizi ya mkojo na damu kuganda miguuni.
- Ukitumia mpira wa mkojo, mwaga mfuko kabla ya kupanda.
- Aliyeumia uti sehemu ya juu akiumwa kichwa ghafla na kutoka jasho, huenda shinikizo la damu limepanda. Mketishe wima, angalia kama mpira umejikunja, mwite mhudumu. Hii ni dharura.

Ukifika

Kagua makalio, nyonga na visigino. Sehemu iliyobadilika rangi au yenye joto isigandamizwe tena. Isiporudi hali yake, nenda kituo cha afya.

Haki yako

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 unagusa pia usafiri. Msaada huu ni haki yako, kwa hiyo uombe bila kuona aibu.