Je, PHP na Python zinabeba mzigo wa Kariakoo?

Wanafunzi wa kompyuta hawaishi kubishania hili. Mmoja anataka kujenga mfumo wa kuuza bidhaa za Kariakoo mtandaoni, anachagua PHP au Python. Mwenzake anamwambia: "Hizo lugha za skripti bwana, wateja wakijaa mfumo utakwama. Tumia Java." Ni kweli?

Lugha ya skripti, kwa ufupi, unaiandika na kuiendesha hapo hapo, bila kuipitisha kwanza wewe mwenyewe kwenye kompaila. Ndiyo maana kazi inakwenda mbio. Januari 2008, Kenya ikiwa kwenye vurugu za baada ya uchaguzi, Ushahidi ilianza kuweka taarifa za wananchi kwenye ramani. Jukwaa lake, lililoandikwa kwa PHP, lilitumika tena Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010.

Na wingi wa watu je? Wikipedia nzima, pamoja na ile ya Kiswahili, inaendeshwa na MediaWiki, ambayo ni PHP. Fikiria Kivukoni asubuhi: hata geti lipitishe watu haraka namna gani, kama pantoni iko Kigamboni utasubiri tu. Kwenye mifumo mingi ya wavuti, pantoni ni kanzidata na mtandao. Lugha ni geti. Si kila mara, lakini. Twitter ilianza na Ruby, ikaja kuhamishia sehemu kubwa ya kazi zake kwenye Scala.

Hatari yenyewe iko kwingine: aina za data. Mteja ameandika doti 5 za khanga kwenye fomu, kisha mfumo unamwongezea 2. Kwa JavaScript, kilichotoka kwenye fomu ni maandishi, kwa hiyo "5" + 2 inakuwa "52". Kwenye PHP, ukilinganisha "0712" na "712" kwa alama ya ==, unaambiwa ni sawa; sasa fikiria hizo ni namba za risiti. Java nayo itakupa "52", ila ukitaka kuiweka mahali pa namba nzima, kompaila inagoma. Kwenye skripti unaweza kuja kujua mteja ameshakatwa hela.

Mfumo ukiwa mdogo, unakumbuka kila kitu kichwani. Ukifika maelfu ya mistari, na walioiandika wameshaondoka, nani anakumbuka? Kumbe ukubwa unaosumbua ni wa msimbo na wa timu, kuliko wa wateja. Ndiyo maana Microsoft ilileta TypeScript mwaka 2012, Facebook ikatoa Hack mwaka 2014 kuipa PHP aina kali, na Python ikapata alama za aina mwaka 2015.

Kwa hiyo lugha za skripti zinafaa, ila kwa nidhamu: tamka aina tangu siku ya kwanza, andika majaribio, na pima kanzidata kabla ya kuilaumu lugha. Halafu chagua lugha ambayo atakayekurithi ataiweza.