Ndoo Moja Uani, Mboga Bila Udongo

Ua wa nyumba nyingi za Dar es Salaam ni saruji tupu, na pasipo na saruji ni mchanga mkavu usioshika maji. Mwenye nyumba akitaka mboga huenda gengeni. Lakini saruji hiyo hiyo hubeba ndoo, na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ikitiwa maji na mbolea inayofaa, inatosha kuotesha sukuma wiki, chainizi, saladi au giligilani bila hata kijiko cha udongo. Kilimo hiki huitwa haidroponiki. Wengi wakilisikia jina hilo hufikiria mabanda ya kisasa, mabomba meupe yaliyopangwa safu kwa safu na pampu zinazonguruma usiku kucha. Kwa bustani ya uani, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitajika.

Mizizi huchukua maji na madini yaliyoyeyuka ndani yake: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu na salfa, pamoja na chembe ndogo sana za chuma, zinki, boroni na mengineyo. Yakipatikana hayo majini, mmea hustawi. Wanasayansi wa Kijerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walilionyesha jambo hili katika karne ya 19, lakini likabaki maabarani kwa miaka mingi. Aliyelitoa nje ni William Frederick Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyeanza kulipigia debe mwaka 1929. Nyanya alizootesha uani kwake katika maji ya madini zilirefuka hadi futi 25, na habari zake zikaenea.

Watafiti wawili wa chuo hicho hicho, Dennis Hoagland na Daniel Arnon, waliyapima madai hayo, na mwaka 1938 wakaeleza kuwa mazao ya majini hayakuzidi yale ya udongo mzuri. Kauli yao inafaa kukumbukwa leo, wakati ambapo watu huahidiwa miujiza. Mwenye shamba lenye rutuba huko Lushoto hana sababu ya kuhamia kwenye ndoo. Anayefaidika ni yule asiye na udongo, au mwenye udongo asiouamini, kama ule wa kando ya mito ya mjini inayopitisha maji machafu.

Njia rahisi kuliko zote ilienezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Haitumii umeme. Ndoo hujazwa maji yenye virutubisho, mfuniko hutobolewa matundu matatu au manne, na kila tundu hushikilia kikombe cha mtindi kilichotobolewa chini na ubavuni. Mche hukaa ndani ya kikombe, ukishikiliwa na kokoto ndogo, na siku ya kwanza maji hugusa kitako cha kikombe tu. Kadiri mmea unavyokunywa, maji hushuka na nafasi ya hewa huongezeka. Ukifunua mfuniko baada ya wiki chache utaona mizizi ya aina mbili: ya chini ni mirefu, imezama majini, ya juu ni mifupi, myeupe, yenye vinyweleo vingi, inaning'inia katika hewa yenye unyevu. Hiyo ya juu ndiyo inayovuta pumzi.

Hapo ndipo wanaoanza huharibu. Wakiona maji yamepungua huijaza ndoo hadi juu kwa nia njema, na mizizi ya hewa huzama ikakosa oksijeni. Mmea hunyauka huku umesimama majini. Maji yakikaribia kuisha na mboga bado haijakomaa, yaongezwe kidogo tu, na mizizi ya juu iachwe ipumue. Saladi moja hutumia takriban lita 4 hadi kuvunwa, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inatosha miche minne.

Joto la Pwani huongeza ugumu. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu, na wakati huo huo mizizi inahitaji hewa zaidi, huku vimelea vya kuozesha mizizi vikishamiri. Ndoo nyeusi iliyoachwa juani saa saba mchana hugeuka sufuria. Dawa yake ni ya kawaida: ndoo ipakwe rangi nyeusi kwanza ili mwanga usipenye na kuotesha mwani, kisha nyeupe juu yake ili irudishe joto, na iwekwe panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Saladi hata hivyo huwa chungu na kutoa maua mapema kwenye joto. Mchicha, sukuma wiki na chainizi huvumilia zaidi, na matembele yana urahisi wake, kwani kipande cha shina hutoa mizizi majini bila kusubiri mbegu.

Ndoo zilizokuwa na mafuta ya kula zinafaa sana. Zilizobeba rangi au dawa za wadudu ziachwe, hata zikisuguliwa vipi.

Kuhusu chakula cha mmea, yurea haifai hapa. Udongoni bakteria huibadilisha ikawa naitrojeni inayofaa mimea. Ndani ya ndoo kazi hiyo haifanyiki ipasavyo, na amonia ikizidi huunguza mizizi. Inatakiwa mbolea iliyotengenezwa kwa ajili ya haidroponiki, yenye madini madogo ndani yake, pamoja na kalsiamu nitreti na magnesiamu salfeti, ambayo wengi huijua kama chumvi ya Epsom. Kipimo kinachotumika sana kwa mboga za majani, mbolea ikiwa ya 4-18-38, ni gramu 6 za mbolea hiyo, gramu 6 za kalsiamu nitreti na gramu 3 za magnesiamu salfeti kwa kila lita 10 za maji. Mizani ndogo ni ya lazima, kijiko hudanganya. Kalsiamu iyeyushwe peke yake na iingie ndooni mwisho, maana ikikutana na hizo nyingine zikiwa nzito hugandamana kuwa unga mweupe unaotuama chini, na mmea haupati kitu.

Maji yenyewe yana mambo yake. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni bora. Kipimo cha pH kinachotakiwa ni kati ya 5.5 na 6.5. Kikizidi sana, majani machanga hugeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani: chuma kimo majini, ila mizizi haiwezi kukichukua. Wanaotumia usumba wa nazi badala ya kokoto nao wauoshe kwa maji mengi ili kuondoa chumvi, hasa ule uliolowekwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba.

Kisha kuna mbu. Maji yaliyotulia na safi ndiyo anayoyapenda mbu wa dengue, homa iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kila mwanya kati ya kikombe na mfuniko uzibwe kwa kipande cha chandarua au sponji. Hili lisipuuzwe hata siku moja.

Vipi kuhusu mabomba na pampu? Utafiti wa Arizona uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha saladi ya haidroponiki na ya shambani: kilo moja ilitumia lita 20 za maji dhidi ya 250, lakini nishati ilizidi mara 82, nyingi ikiwa ya kupasha na kupooza banda. Ndoo ya uani inabaki na ule uokoaji wa maji, na bili ya umeme haiihusu. Na pale ambapo maji hupita kwa utando mwembamba ndani ya bomba, umeme ukikatika mchana wa Februari mboga zinaweza kunyauka kwa saa chache.

Saladi huvunwa wiki nne hadi sita baada ya miche kuhamishwa kutoka kitaluni. Sukuma wiki huchumwa jani kwa jani kwa muda mrefu zaidi. Baada ya mavuno, mabaki ya maji yenye mbolea yamwagwe kwenye shina la mgomba au mpapai, ndoo isuguliwe na kuanikwa juani, na miche mingine iwe tayari.