Milima ya Jangwa la Texas, kwa Miguu na kwa Hema

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Anayetaka kulala juu ya milima ya Guadalupe, magharibi mwa jimbo la Texas nchini Marekani, huambiwa na wahifadhi abebe karibu lita nne kwa kila siku atakayokuwa huko. Juu hakuna bomba wala kisima cha kutegemea. Siku mbili basi ni kilo nane mgongoni, na hapo hajatia hema, mfuko wa kulalia, chakula wala koti la baridi. Mengine yote ya safari hupangwa kutokana na hesabu hiyo: umbali wa kutembea, saa ya kuondoka kambini, hata rafiki wa kuandamana naye.

Wenye kuijua sehemu hii huunganisha hifadhi mbili za taifa katika safari moja. Ya kwanza ni Guadalupe Mountains, kilomita 177 hivi mashariki mwa mji wa El Paso. Ya pili ni Big Bend, kusini zaidi, pale mto Rio Grande unapojikunja na kuzitenga Marekani na Meksiko. Zote mbili zimo katika jangwa la Chihuahua, ambalo sehemu yake kubwa iko upande wa Meksiko. Kwa anayetoka Dallas au Houston, miji yenye Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi, kufika huko ni safari ya kutwa nzima kwa gari. Hata hivyo ni wachache kati yao wanaokwenda, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu milima hii haihitaji kamba wala ufundi wa kupanda majabali. Inahitaji miguu yenye afya, mipango na mwenzako mwaminifu.

Milima ya Guadalupe ilizaliwa baharini. Zaidi ya miaka milioni 260 iliyopita eneo hili lilikuwa chini ya maji, na ukingoni mwa bahari hiyo sifongo, mwani na viumbe wengine watoao chokaa walijenga mwamba uliozunguka zaidi ya kilomita 600. Bahari ikakauka, mwamba ukafukiwa na chumvi na mchanga, kisha nguvu za ardhi zikaunyanyua tena sehemu chache, na Guadalupe ni mojawapo. Wajenzi wakuu wa mwamba huo hawakuwa matumbawe kama yale ya Unguja au Lamu, lakini mtu aliyekulia karibu na kuta za mawe ya pwani hatakuwa mgeni wa jiwe hili. Ukichutama pembeni mwa njia na kulitazama kwa karibu, utaona maumbo ya viumbe wa kale yamebaki humo humo ndani ya chokaa, mita 2,000 juu ya bahari ya leo. Kuyachukua ni kosa kisheria.

Njia ya kwenda kilele cha Guadalupe huanzia kambi ya Pine Springs. Kwenda na kurudi ni kilomita 13.5, kupanda ni karibu mita 900, na wahifadhi hukadiria saa 6 hadi 8. Kilomita mbili na nusu za mwanzo ndizo zenye mwinuko mkali kuliko zote. Njia inapiga kona juu ya kona kwenye mteremko ulio wazi. Baadaye hupita ukingoni mwa genge na kuingia msitu mdogo wa misonobari. Panapo kilomita kama tano hutokea kilele cha uongo, ambapo wengi hudhani wamefika.

Kilele chenyewe, mita 2,667, ndicho sehemu ya juu kabisa ya Texas. Kwa kipimo cha nyumbani, ni chini kidogo ya Mandara, kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro. Tofauti iko kwenye mzigo. Kilimanjaro sheria inamtaka mgeni awe na kiongozi, na wapagazi humbebea hema, jiko na chakula. Texas hakuna mpagazi. Kila anachokula na kunywa mtu amekipandisha kwa mabega yake, na takataka zake atazishusha kwa mabega hayo hayo.

Hapa ndipo rafiki anapoanza kuwa na thamani ya wazi. Wawili hugawana: huyu abebe kitambaa cha hema na vigingi, yule abebe fito, jiko dogo la gesi na sufuria. Kuni na mkaa ni marufuku katika milima hii kwa hofu ya moto, kwa hiyo hata chai ya asubuhi inategemea mtungi mdogo wa gesi. Maji hayagawanywi, kila mtu hubeba yake, ili wakipoteana njiani asiwepo wa kubaki mikono mitupu. Chakula huchaguliwa kwa jicho hilo hilo. Maharage makavu hayafai, kwa sababu hunywa maji ya watu. Chapati, siagi ya karanga, tende na korosho zenye chumvi hufaa zaidi, na chumvi hiyo si anasa: mwili unaotoka jasho siku nzima na kurudishiwa maji matupu huishiwa chumvi, na mtu anaweza kuugua vibaya ilhali chupa yake imejaa.

Kambi ya Guadalupe Peak iko kilomita moja na nusu tu kabla ya kilele, nayo inajulikana kwa upepo. Majira ya baridi na ya kuchipua, upepo wa milima hii unaweza kupita kilomita 120 kwa saa. Kusimamisha hema peke yako katika hali hiyo ni taabu tupu. Wakiwa wawili, mmoja hulalia kitambaa kisipeperuke, mwingine hupigilia vigingi na kuvipangia mawe juu, halafu hema huinuliwa upande wenye upepo kwanza. Usiku hema hupiga kelele mpaka alfajiri, na ni heri kulijua hilo mapema kuliko kudhani kuna hatari.

Kuna jambo moja ambalo watu wawili wanaotembea jangwani lazima walikubali kabla ya kufunga kamba za viatu: saa ya kugeuka. Wakisema saa nane mchana, basi saa nane ikifika wanarudi, hata kama kilele kiko mita mia mbili mbele. Na akisema mmoja “nimechoka, turudi,” wanarudi wote. Msingi wake ni wa kitabibu. Joto la mwili likizidi mno, akili ndiyo huanza kuyumba. Mtu hujikwaa, hujibu maswali ovyo, hukasirika bila sababu au huacha kujali kunywa. Mgonjwa mwenyewe hana habari kwamba anaumwa. Anayeweza kumwona ni mwenzake tu. Ndiyo maana kusindikizana si suala la mazungumzo peke yake. Ni kutazamana usoni kila baada ya muda na kuulizana maswali mepesi.

Hatari hii si hadithi ya kutishia watoto. Juni 2023, kwenye njia ya Marufo Vega huko Big Bend, isiyo na kivuli wala maji, joto lilifika nyuzi 48 za Selsiasi. Watu wawili wa familia moja walipoteza maisha siku hiyo: mmoja alizidiwa njiani, mwingine alikufa katika ajali ya gari alipokimbilia msaada. Miezi inayofaa ni kuanzia Oktoba hadi Aprili. Julai hadi Septemba ndio msimu wa mvua, na mvua ya huko huja na radi na mafuriko ya ghafla yanayoshuka makorongoni hata kama anga juu yako ni jeupe.

Kutoka Guadalupe hadi Big Bend ni zaidi ya kilomita 400, na barabara yenyewe ina mambo. Ile ya 54, inayoshuka kuelekea Van Horn, hupita kando ya milima ya Sierra Diablo, na huko mwaka 1880 kulipiganwa vita vya maji. Victorio, kiongozi wa Waapache aliyekataa watu wake wafungiwe katika ardhi mbovu waliyotengewa, alikuwa akivuka jangwa hili pamoja na wapiganaji na familia zao. Kanali Benjamin Grierson hakumfukuza. Aliwatanguliza askari wake kwenye chemchemi na kuketi hapo. Julai 30 walipambana Tinaja de las Palmas, Agosti 6 Rattlesnake Springs, na mara zote mbili Waapache wenye kiu walizuiwa kufika majini. Victorio alirudi Meksiko, na Oktoba mwaka huo huo aliuawa na jeshi la nchi hiyo.

Askari wa Grierson walikuwa wa kikosi cha 10 cha wapanda farasi, na walikuwa watu weusi. Baadhi yao walizaliwa utumwani, na sasa walitumwa kuwanyima maji watu wengine walionyang'anywa nchi. Ni historia nzito, na msafiri kutoka Afrika ana sababu ya kusimama Fort Davis, njiani, ambako ngome yao imehifadhiwa. Humo alitumikia Luteni Henry O. Flipper, aliyezaliwa mtumwa Georgia mwaka 1856 na kuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point, mwaka 1877. Mwaka 1881 alishtakiwa kwa wizi wa fedha. Mahakama ya kijeshi ilimwona hana hatia ya wizi, lakini ikamtia hatiani kwa mwenendo usiofaa afisa, naye akafukuzwa jeshini mwaka uliofuata. Msamaha wa rais ulitolewa mwaka 1999, miaka 59 baada ya kifo chake.

Big Bend ni kubwa: zaidi ya kilomita za mraba 3,200. Katikati yake husimama milima ya Chisos, safu pekee nchini Marekani iliyomo yote ndani ya hifadhi moja ya taifa. Kutoka mtoni, karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Emory, mita 2,385, mtu hupita kutoka miiba ya jangwani hadi misonobari na mialoni iliyosalia tangu zama za baridi kali. Njia inayopendwa na wengi ni ya South Rim, mzunguko wa kilomita 19 hadi 23 kutegemea unapokatia. Inafika ukingo ambapo ardhi inaishia ghafla, na jangwa linaonekana mamia ya mita chini, likinyooka hadi milima ya Meksiko.

Mtu wa Tanga atakutana hapa na sura anayoifahamu. Mimea yenye majani manene, yenye mwiba mweusi nchani, imejaa kwenye miteremko, na milingoti yake ya maua huonekana kutoka mbali. Hawa ni ndugu wa mkonge. Mkonge wenyewe ni wa Meksiko pia; Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, na ni 62 tu iliyofika hai Afrika Mashariki, ikawa chanzo cha mashamba yote ya Tanganyika. Ndugu huyu wa Chisos huishi miongo kadhaa, hutoa mlingoti mmoja wa mita kadhaa, huchanua mara moja na kufa. Popo wanaotoka Meksiko huja usiku kunywa nekta ya maua hayo. Waapache wa Mescalero walichoma mioyo ya mimea hii katika mashimo yaliyopangwa mawe, na mabaki ya mashimo hayo bado yapo Guadalupe.

Dubu weusi walikuwa wametoweka Big Bend hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1944. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walirejea wenyewe, wakivuka mto na jangwa kutoka milima ya Sierra del Carmen upande wa Meksiko. Kwa sababu yao kila kambi ya Chisos ina sanduku la chuma, na ndani yake huwekwa kila kitu chenye harufu: chakula, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka. Hemani hakiingii hata kipande cha chapati. Dubu akizoea chakula cha watu, mara nyingi anayeishia kufa ni yeye.

Kambi za milimani huhitaji kibali, na miezi ya Machi na Novemba nafasi huisha mapema. Ni vyema pia kuulizia hifadhi kabla ya kuondoka nyumbani, maana barabara na kambi hufungwa kwa ujenzi. Simu hazishiki sehemu kubwa ya hifadhi zote mbili, kwa hiyo ramani ya karatasi ibebwe, na mtu wa nyumbani aachiwe majina ya njia na siku ya kurudi.

Kisha kuna suala la hati. Boquillas, ukingoni mwa mto, kuna kivuko halali cha mtumbwi kinachopeleka wageni hadi kijiji cha upande wa Meksiko. Kilifungwa mwaka 2002 na kufunguliwa tena 2013. Kurudi bila pasipoti haiwezekani, na asiye raia wa Marekani aulizie hali ya viza yake kabla ya kupanda. Hata asiyevuka mto atakutana na askari wa mpaka: barabara ya 118 kwenda Alpine na ya 385 kwenda Marathon zote zina vizuizi, ambapo kila dereva na abiria huulizwa uraia wake. Kadi ya ukaazi au pasipoti yenye viza ikae kwenye mfuko wa shati, isiachwe hotelini wala chini ya mizigo ya nyuma ya gari.