Mikono Haijasahau

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Leo nimeshika kalamu niwaeleze jambo lililonifumbua macho likizo ya Agosti.

Dada yangu mkubwa hufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuo kikuu somo la ubongo: jinsi unavyofikiri na kukumbuka. Haanzi na majina magumu. Huanza na kioo. Siku hiyo alinichorea nyota yenye mistari miwili, akasimamisha kioo mbele yangu, akaziba mkono wangu kwa kitabu nisiuone ila kiooni. "Haya, pitisha kalamu katikati ya mistari." Lo! Kalamu ilikwenda upogo kama mlevi. Nilirudia na kurudia. Mara ya kumi, nyota ikapendeza.

Ndipo akanipa kisa cha Henry Molaison wa Marekani. Mwaka wa 1953, akiwa na miaka 27, Henry alipasuliwa kichwa ili apone kifafa. Daktari William Scoville alimtoa sehemu za ubongo pande zote mbili, zikiwemo sehemu za hipokampasi, iliyo ndani karibu na usawa wa masikio. Kifafa kilipungua, lakini Henry hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Ongea naye, toka nje, ukirudi anakusalimu kama mgeni! Mtaalamu Brenda Milner akampa nyota na kioo kwa siku tatu. Makosa yalizidi kupungua, ingawa Henry hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Alifariki mwaka wa 2008.

Maana yake nini? Kumbukumbu si ghala moja. Matukio yana ghala lake, na ujuzi wa mikono una lake, katika sehemu nyingine za ubongo. Ghala moja likiungua, jingine laweza kusimama.

Hapo nikamkumbuka Nyanya. Tangu mwaka jana kila nikimtembelea ananiuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Mimi nilinuna, nikadhani ananipuuza, mwishowe nikaacha kwenda. Dada alisema ugonjwa wa Nyanya si kama kisa cha Henry, lakini hata kwake huenda ujuzi wa zamani umebaki.

Kesho yake nilimpelekea nyuzi za mkonge. "Wewe ni nani?" "Ni mjukuu wako, Nyanya." Basi akashika nyuzi, akaanza kusuka kiondo, vidole vikienda mbio bila kukosea. Nilipokosea mimi, alinipiga kofi dogo mkononi akacheka. Jioni akaniuliza tena mimi ni nani. Sikununa. Nilimjibu.

Wenzangu, ukiwa na mzee aliyesahau jina lako, usimkimbie. Mpe kazi ambayo mikono yake inaijua, kisha uketi naye. Kiondo chetu bado hakijaisha. Likizo ijayo tunaendelea.